Aliyemeza Jeshi la Vifungo

Haya, mmeanza tena. Mtu hawezi kukaa akapumzisha magoti yake mawili bila kuambiwa, bibi, hebu tupe ile ya mkasi. Kwani waliokuwepo wamekufa? Wako hai wote, wanakula na kulala, ila wanaona haya kuisimulia, ndiyo maana mnanijia mimi. Nitasimulia mara moja. Atakayenikatiza nitamwachia hapohapo ajimalizie mwenyewe.

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa fundi cherehani. Kushoto mlango wa kinyozi, kulia sanduku la fundi viatu, mbele Mama Birika na kahawa yake, vikombe vinane na kimoja hakina mkono. Fundi cherehani wanamwita Mkasi, mama mtu mzima, hasemi sana, lakini akisema unajipapasa kama hujachanika. Kinyozi wanamwita Upara, na ukimwona hutauliza kwa nini. Fundi viatu ni Gundi. Dada yake ndiye mke wa Upara, kwa hiyo hao wawili ni mashemeji na hugombana kwa haki kabisa. Wa nne ni Mzee Kifungu, karani mstaafu wa masjala, miaka thelathini na moja ya kupiga mihuri, mtu asiyeweza kukuomba kiberiti bila kukutajia kanuni. Huyo ndiye aliyeleta ule mchezo wa ubao uliowatoa watu akili.

Mchezo ni huu. Kwenye ubao imechorwa nchi: miji kumi na miwili, mto mmoja, na mlima unaofanana na kibiongo. Kila mchezaji ana jeshi. La Mkasi ni vifungo vyeupe. La Upara ni meno ya vitana vilivyovunjika. La Gundi ni misumari ya viatu. La Kifungu ni vibanio vya karatasi alivyoondoka navyo ofisini siku aliyostaafu, na havijamwishia mpaka leo. Kwa siku ni zamu moja tu. Kahawa inamiminwa, na kwa muda wa kikombe kimoja watu wanakwenda pembeni wawili wawili kunong'onezana: nisaidie hapa, nikusaidie pale, usiniguse, sikugusi. Kikombe kikiisha, midomo inafungwa. Mkasi anakata vipande vinne vya karatasi, vinne tu, sawasawa kama kola, kila mmoja anaandika amri ya jeshi lake na kutia koponi. Wanaandika kwa herufi kubwa, maana mwandiko wa kawaida wa Gundi hata kuku angeukana. Kifungu anafungua kopo na kusoma. Hapo ndipo unapojua nani alikuwa ndugu yako.

Na kwa kuwa wote ni waongo na wanajuana, walijiwekea desturi, na Kifungu akaitia kwenye kanuni zake. Ukifunga urafiki na mtu, mnapeana amana, kila mmoja kitu cha kazi yake. Ukivunja ahadi, unamrudishia mwenzako chake, na chako kinabaki kwake mpaka mchezo uishe.

Sasa Mkasi na Upara walifunga urafiki. Upara akatoa kile kioo cha kuwaonyesha watu kisogo chao. Mkasi akatoa mkasi wake mkubwa, alioachiwa na mama yake, ule wa kitambaa tu. Karatasi ina mkasi wake mdogo, na ukivichanganya hivyo viwili mbele yake, ujue umeaga dunia. Wakaahidiana: siku ya arobaini na moja, vifungo vimsaidie Upara kuuteka mji wa Daraja. Kopo likafunguliwa. Kifungu akasoma: VIFUNGO VIINGIE BONDENI. Na Bondeni ulikuwa mji wa Upara.

Mkasi aliapa hakuandika hivyo. Akaapa amesimama, akaapa ameketi. Lakini karatasi ilikuwa imeshasema. Mkasi mkubwa ukaingia kwenye droo ya kinyozi, na ile karatasi Gundi akaipigilia kwenye mwimo wa mlango kwa misumari minne ya viatu, kila pembe wake. Kifungu ndiye aliyeshauri. Ushahidi, alisema, haushikwishikwi.

Siku niisemayo ilikuwa Jumatano, siku ya tisa tangu hapo, ya hamsini ya mchezo. Mezani kwa Mkasi kulikuwa na jora zima la kitambaa cheupe, gauni nane za wauguzi wapya, zinatakiwa Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi wanaanza wodini. Na hata gauni moja ilikuwa haijakatwa. Alikuwa amejaribu ule mkasi mdogo kwenye kipande cha pembeni, ukakitafuna kama mbuzi. Angeweza kuazima ng'ambo ya barabara, kwa yule fundi mwenye cherehani ya umeme, lakini heri akate kwa meno. Angeweza pia kuingia kwa Upara, akavuta droo na kuuchukua. Upara ni mtu wa kusukumwa kwa kidole. Hakufanya hivyo. Neno ni neno, hata kama hukulisema wewe. Alikaa mlangoni na kitambaa mapajani, akiwasikiliza wenzake wakimjadili kama vile hayupo.

— Mimi nasema hivi, — alianza Gundi, misumari miwili imebanwa kwenye midomo. — Mkasi aliandika mwenyewe, ila hakujua.

— Hakujuaje, shemeji? — Upara akauliza.

— Mkono wa fundi, bwana! Ukishona miaka thelathini, mkono unaanza kufanya mambo yake. Mimi juzi nimeamka nimeshika kiatu cha mke wangu, nimekitoboa matundu sita. Usingizini!

— Na yeye akasemaje?

— Akasema kikulacho ki nguoni mwako. Sasa hapa nguo ni za nani? Za fundi cherehani! Methali imeshamtaja, mnataka ushahidi gani tena?

— Shemeji, wewe methali unaivaa kama kiatu cha kushoto mguu wa kulia.

— Na wewe una yako?

— Ninayo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. — Upara akajipapasa kichwa. Benchi zima likatazama pembeni kwa heshima. — Na akili yangu inaniambia kazi hii ni ya ng'ambo. Ya yule mwenye umeme. Anataka hizo gauni nane. Siku ile tunafungua kopo, hamkumbuki alikuja mtu anachechemea?

— Nakumbuka, — Gundi akasema. — Sote tulisimama kumtazama. Alileta kiatu, soli imebanduka.

— Alikuwa anachechemea mguu upi?

— Wa kushoto.

— Na soli ilibanduka kiatu cha mguu upi?

Gundi akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja. — Wa kulia.

— Umeona? Mtu anachechemea mguu ambao kiatu chake ni kizima! Yule ni jasusi.

— Yule ni kaka yangu, — Mama Birika akasema bila kugeuka. — Na ana jipu.

— Hata majasusi wana dada zao.

— Upara, nitakumiminia hii kahawa kichwani, na hapo hakuna kitu cha kuizuia.

Wakacheka, hata Mkasi alicheka kidogo kwa pua. Mzee Kifungu hakucheka. Alikuwa amekunja miguu, kanuni za mchezo zimekunjwa mfukoni mwa shati kama kawaida, karatasi sita alizonakili kwa mkono wake. Hakuna mwingine aliyewahi kuzisoma. Ya nini usome, na mwenye kusoma yupo?

— Ndugu zangu, — akasema, — tusiwasingizie watu. Mimi naona ni mvuke.

— Mvuke?

— Kopo lilikaa karibu na birika. Mvuke ukaingia, ukalainisha wino. Wino ukilainika, herufi zinahama. Nimeyaona masjalani kwa macho yangu: faili la mtu aliyehamishwa, lilikaa chini ya bomba linalovuja, asubuhi likasomeka amefariki. Alihangaika miezi saba kuthibitisha kwamba anapumua.

— Herufi zihame mpaka Daraja lisomeke Bondeni? — Mkasi akauliza.

— Mama, herufi zina tabia zake.

— Birika langu lisitiwe kwenye kesi! — Mama Birika akaruka. — Mara kaka yangu, mara mvuke wangu. Kesho mtasema nimewaloga kwa sukari!

— Hiyo hatujaiondoa, — Gundi akasema, akifikiri. — Lakini tusisahau kopo lenyewe. Lile lilikuwa la maziwa ya mtoto. Mnajua mtoto aliyekuzwa na kopo lile leo ni nani? Ni dalali wa nyumba! Uongo wote ule aliunyonya kutoka hapo. Kopo limezoea. Unatia ukweli, linakutolea uongo. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Kopo ni nyoka?

— Kopo ni mama wa nyoka. Fuatilia, shemeji.

Kahawa ikamiminwa, muda wa kikombe ukaanza. Upara akamvuta Gundi nyuma ya mlango, wakanong'ona kama watu wanaoiba mbuzi. Ukasikia "mto", ukasikia "dada yako atajua". Tangu siku ya arobaini na moja, Mkasi hakuwa akiitwa pembeni na mtu. Nani afunge urafiki na mvunja ahadi? Alikuwa na miji minne, ikabaki miwili, na ule wa pili, Kivukoni, Gundi alikuwa anaukodolea macho tangu Jumatatu.

Kifungu akasogea karibu naye, sauti imepakwa asali.

— Mama, njoo upande wangu. Nitakulinda Kivukoni. Mimi sisahau wema.

— Utaniwekea amana gani?

— Mimi ni mtunza kanuni. Sheria haiweki amana, mama. Sheria ndiyo inayowekewa.

— Basi sheria inywe kahawa yake iniache.

Kikombe kilipoisha, Mkasi akamwita Upara. Alijishusha kusema, na kujishusha kwake mtu alikusikia mgongoni, kama mshono unaofumuka.

— Upara. Nipe mkasi wangu leo na kesho. Nikate hizi gauni, nikurudishie mkononi.

Upara akajikuna kisogo. Hakuwa mtu mbaya.

— Dada, wallahi ningekupa. Lakini leo nikikupa, kesho nani atamwamini nani hapa? Mzee Kifungu, kanuni inasemaje?

— Mpaka mchezo uishe, — Kifungu akajibu upesi. — Kanuni ya nne. Haina mlango wa nyuma.

— Umesikia, dada. Si mimi.

Mkasi akarudi mezani. Akachukua mkasi mdogo, akakata vipande vinne vya karatasi, akavigawa. Alikuwa anaanza kuandika cha kwake alipopita binti mmoja, mrefu, mkoba begani, akasimama mbele ya benchi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Mimi ni mmoja wa wale wauguzi wanane. Nimekuja kujaribu gauni. Uliniambia Jumatano.

Gundi akataka kuchangamsha mambo: — Karibu, karibu! Kuku mgeni hakosi kamba mguuni!

Binti akatazama miguu yake. Kisha akaona jora la kitambaa, zima, limekunjwa kama lilivyotoka dukani. Uso ukamshuka.

— Mama, mbona hujakata?

Wakamjibu wote kwa pamoja. Upara akamweleza urafiki, Gundi akamweleza kopo, Mama Birika akamweleza kwamba kaka yake ana jipu. Akaonyeshwa ubao, akaonyeshwa ile karatasi mlangoni, akaonyeshwa droo. Binti alisikiliza mpaka mwisho kwa ule uvumilivu wa watu wanaojifunza kuhudumia wagonjwa.

— Nimeelewa, — akasema. — Kwa hiyo mkasi utarudi mchezo ukiisha.

— Barabara!

— Na mchezo wenyewe unaishaje?

Hapo benchi likanyamaza. Si ule unyamavu wa kusubiri zamu. Huu ulikuwa wa watu wanaotafuta kitu mifukoni na kukuta mfuko umetoboka. Siku hamsini. Walikuwa wamesalitiana siku hamsini, wamepatanishwa na wake zao mara tatu, Gundi amekosa harusi ya binamu yake kwa ajili ya kulinda mto.

— Unaisha mtu akishinda, — Gundi akajaribu.

— Anashindaje?

— Anawashinda wenzake.

— Kwa kufanya nini?

— Kwa... bwana, wewe binti unauliza maswali ya mtihani! Mzee Kifungu anajua. Mzee, mwambie.

Wakamgeukia. Kifungu alikuwa anakunywa kahawa kwenye kikombe ambacho kilikuwa kitupu tangu zamani.

— Ni jambo refu, — akasema.

— Tuna muda, — Mkasi akasema.

— Linahitaji ufafanuzi.

— Tufafanulie.

— Mbio za sakafuni...

— Mzee, — Mkasi akasema, — toa karatasi.

Akazitoa polepole, kama mtu anayevua kiatu chenye kidonda. Ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano, zote nzima. Ya sita ilikuwa fupi. Chini imechanwa, kipande kizima hakipo.

— Panya, — Kifungu akasema.

— Panya wa mfuko wa shati? — Upara akashangaa. — Na shati umelivaa?

Mkasi aliichukua ile karatasi, akapitisha kidole gumba ukingoni. Yeye si msomi, lakini ukingo anaujua. Amekaa na kingo za vitu maisha yake yote. Kitambaa kikichanwa sehemu mbili na kuchanganywa na vipande mia, atakurudishia viwili hivyo vikiwa vimeshikana mikono. Ukingo huu haukukatwa na mkasi. Ulichanwa kwa mkono, kwa haraka, na katikati ulikuwa na jino dogo lililochomoza.

Akainua macho. Siku tisa alikuwa akipita chini ya ile karatasi ya mlangoni, anaisoma, inamchoma, anaangalia chini. Siku tisa alisoma maneno. Leo ndiyo alitazama ukingo. Upande wa juu ulikuwa na pengo dogo, mahali pa jino.

Na vipande vyake yeye, vile anavyovikata kila siku, havina ukingo wa kuchanwa.

— Gundi, — akasema, — nipe koleo.

— La nini?

— Nipe koleo, wewe mtu.

— Ushahidi haushikwishikwi! — Kifungu akasimama. — Mama, kanuni—

— Keti, mzee.

Akaketi. Mkasi akang'oa msumari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ulitoka na kipande cha mwimo. Akaigeuza ile karatasi. Nyuma yake, upande ule uliokuwa umelala kwenye mbao siku zote tisa, kulikuwa na mwandiko mzuri wa masjala, wino wa buluu, mistari imenyooka. Mkasi alisoma pole pole, kila neno kwa kidole, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

— Mwenye miji saba, peke yake au pamoja na rafiki yake, ameshinda, na mchezo umekwisha. Amana zote zirudi kwa wenyewe.

Mama Birika akaweka birika chini.

— Subirini, — Upara akasema. Akaanza kuhesabu kwa meno ya kitana. — Siku ya arobaini na moja wewe ulikuwa na minne. Mimi miwili. Na Daraja, kama ungenisaidia kweli...

— Saba, — binti akasema.

— Saba! — Upara akakaa chini pasipo na benchi. Akasema kutoka sakafuni: — Tulishinda! Dada, mimi na wewe tulishinda! Siku tisa nzima nimemfungia droo mshindi mwenzangu!

— Mzee, — Mkasi akasema, sauti yake tulivu kupita kiasi. — Karatasi zangu ni nne, kila mtu yake. Ulitaka ya tano, ukakosa. Ukaenda kuandika uongo mgongoni mwa sheria yenyewe.

Kifungu akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati.

— Ilikuwa haraka, — akasema. — Yule mwenye kuchechemea alifika, mkasimama wote kumtazama. Nilikuwa na dakika moja.

— Niliwaambia yule mtu ana kesi! — Upara akapiga kelele kutoka chini.

— Na ile niliyoandika mimi? — Mkasi akauliza. — Kwa mkono wangu, ya Daraja. Iko wapi?

Kifungu akasema kitu kwa ndani.

— Sikusikia.

— Nimeimeza.

— Umeimeza?

— Na kahawa.

— Umemeza jeshi langu!

— Ndiyo maana siku ile ulikohoa! — Mama Birika akapiga paja. — Nikakupiga mgongo mpaka mkono ukaniuma, nikaenda nyumbani nikabadilisha chujio zima nikidhani ni makapi! Kumbe mtu anakabwa na vifungo!

Gundi alikuwa amelala kwenye benchi anacheka bila sauti, machozi yanamtoka. Alipopata pumzi akauliza swali ambalo Mkasi alikuwa analishikilia.

— Lakini kwa nini, mzee? Wewe una mji mmoja na nusu. Hata urafiki wao ukivunjika, usingeshinda mpaka kiama.

— Sikutaka kushinda.

— Ulitaka nini?

— Nilitaka usiishe. — Akavaa miwani, akaivua tena. — Siku ya kwanza tulipoanza, mama watoto aliniletea ndoo ya rangi. Ya jikoni. Nikamwambia, mama, mchezo huu ukiisha tu, nashika brashi. Nilidhani ni mchezo wa siku mbili. Basi ukanoga. Kila nikitoka asubuhi naikuta ile ndoo mlangoni, inanitazama. Jiko lile, ndugu zangu, mnalijua? Masizi yake yanaanzia enzi za mama mkwe.

Kifungu alisema hivyo kwa huzuni ya kweli, na wanaume wawili wakamwelewa mno. Uliona nyuso zinalegea. Ndivyo walivyo. Mtu amekaribia kumkosesha mwanamke kazi ya gauni nane, lakini ukitaja kupaka jiko, wanaona huruma. Mkasi hakuona. Alinyoosha mkono mbele ya Upara, kiganja juu, na Upara akakimbilia droo.

Mkasi mkubwa ukarudi. Akaufungua, akaunyanyua kwenye mwanga, akaupima kwa kipande cha kitambaa. Ulipita kama kisu kwenye siagi. Kisha akasimama, akachomoa kitu kwenye makali kwa kucha mbili.

— Upara. Huu ni unywele.

— Ni wa sharubu, dada. Mmoja tu. Ulikuwa unanichungulia.

— Mkasi wa mama yangu.

— Nitapiga pasi! — Upara akasema kabla hajaulizwa. — Gauni zote nane. Pasi ya mkaa najua kuitumia, muulize shemeji.

— Anaunguza kola, — Gundi akasema.

— Kola sitagusa.

Ikabaki hesabu ya Kifungu. Gundi alitaka afukuzwe, akakae kijiwe cha ng'ambo kwa mwenye umeme, ili huko nako wasambaratike. Upara alitaka anyolewe sharubu nusu. Mama Birika alitaka anywe chujio. Binti muuguzi akasema yeye anataka gauni tu, lakini kama wanaomba ushauri, sharubu nusu si mbaya. Kila mmoja akawa anamvuta mwenzake pembeni kupatana: nikuunge mkono kwenye sharubu, uniunge mkono kwenye chujio. Walikuwa wameshazoea, hawakuweza hata kuhukumu mtu bila kufanya siri.

— Nyamazeni, — Mkasi akasema. Alikuwa ameshatandaza kitambaa na chaki i mkononi. — Gauni nane. Kila gauni vifungo saba. Ngapi hivyo, karani?

— Hamsini na sita, — Kifungu akajibu kwa mazoea.

— Alimeza jeshi langu. Atalipanga upya, kifungo kimoja kimoja, kwa sindano na uzi, hapa hapa benchini, watu wakipita. Na kifungo kitakachong'oka wodini, binti atakirudisha, na mzee atakishona upya mpaka siku atakapozikwa.

Hakuna aliyepinga. Alhamisi nzima na Ijumaa mpaka alasiri, Mzee Kifungu aliketi katikati ya benchi, miwani puani, anatunga uzi kwa jaribio la saba. Vile vifungo vya ubaoni navyo vilichukuliwa, vikaingia kwenye gauni, kwa kuwa vya dukani vilipungua. Watu walipita, wakauliza. Gundi akawaeleza wote, kila mara kwa kuongeza kidogo. Wa mwisho kuambiwa alisikia kwamba mzee alimeza mkasi.

Kifungo cha hamsini na sita kilishonwa Ijumaa, jua limeshaanza kulegea. Binti na wenzake saba walikuja, wakavaa, wakajitazama kwenye kile kioo cha kisogo, wakaondoka wameng'aa. Kola moja ilikuwa na rangi ya chai, lakini hilo Mkasi atalimaliza na Upara. Kifungu akanyoosha mgongo. Kahawa ilikuwa imekwisha, Mama Birika anapindua vikombe. Mzee akafikiri ameshalipa, akajipangusa magoti, akataka kuondoka.

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake. Ndoo mkono huu, brashi mkono ule.

— Nimepita tu, — akasema yule mama. — Nasikia maneno mengi barabarani. Nauliza kitu kimoja. Ule mchezo umekwisha?

Kifungu akamtazama Gundi. Gundi akakuta kiatu cha kutazama. Akamtazama Upara. Upara alikuwa anahesabu mbao za paa. Akamtazama Mama Birika, naye akapuliza mkaa uliokwisha zimika. Siku hamsini za kupatana na watu, na siku ya haja hakupata hata rafiki mmoja. Mwisho akamtazama Mkasi.

Mkasi akakata uzi kwa meno.

— Umekwisha, dada, — akasema. — Tangu siku kumi na moja zilizopita.

Yule mama akapiga hesabu moyoni, midomo ikicheza kidogo. Akamkabidhi mumewe brashi.

— Kuta nilikuwa nimeshakwambia, — akasema. — Kwa hizo kumi na moja, utapaka na dari.